Wanafunzi hawahusishwi na utafiti

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kemia, Temeke. Naandika ripoti ya klabu yetu ya sayansi. Je, ni sahihi kusema "wanafunzi walihusishwa na utafiti wa polima janja"?

JIBU: Mwalimu, neno janja tulimalize haraka. (Polima, kwa msomaji mgeni, ni kitu chenye molekuli ndefu kama minyororo.) Ujanja una harufu ya hila, lakini simu janja imeshazoeleka na hakuna anayeishuku. Mimi ningeandika polima sikivu, kwa sababu sifa yake ni kuitikia: joto, chumvi au asidi ikibadilika, nayo inabadilika. Ukibaki na janja sikukati maksi.

Walihusishwa ndiyo nakataa. Neno hili limejaa kwenye ripoti za miradi, na kila linapokaa linamtia mtu hatiani. Anayehusishwa na wizi ni mtuhumiwa. Husu na shiriki yote asili yake ni Kiarabu, lakini la kwanza linasema tu kwamba una uhusiano na jambo. La pili linasema umetia mkono. Mzazi akisoma sentensi yako atauliza mwanawe kaharibu nini maabara, au kama yeye ndiye aliyekuwa anapimwa.

Tena tofauti hii si ya kamusi tu. Mwalimu akisimama mbele na chupa ya mmumunyo wa polima iitwayo PNIPAM, akaupasha moto ukawa mweupe kama maziwa, darasa likapiga makofi, hao wameonyeshwa. Hawajashiriki chochote. Wape kipimajoto watafute wenyewe ukungu unaingia kwenye nyuzi ngapi. Ni karibu 32 za Selsiasi. Hapo minyororo ya polima huachia maji, hujikunja na kugandana. Na hapo ndipo jaribio linapokwama Dar: mchana wa Februari, maabara isiyo na kiyoyozi ina joto hilohilo, kwa hiyo mmumunyo unafika mezani umeshageuka. Lazima waanzie kwenye beseni la maji ya barafu, wapandishe nyuzi moja moja huku wakikoroga taratibu.

PNIPAM ikikosekana, wachane pampasi mpya, wakung'ute unga wake, ambao nao ni polima, yenye sodiamu ndani. Gramu 1 kwenye mililita 100 za maji ya mvua itavimba iwe rojo. Wakitia kijiko cha chai cha chumvi, rojo linatema maji. Wakitumia maji ya kisima, ambayo katika mitaa mingi ya jiji hili yana chumvi, unga utavimba kwa shida tangu mwanzo. Atakayeng'amua kwamba chumvi ya nje imepunguza nguvu ya sodiamu ya ndani kuvuta maji, huyo ameshiriki utafiti, na ripoti imtaje hivyo.

Andika: "Wanafunzi walishiriki katika utafiti wa polima sikivu." Ukitaka kuonyesha kwamba klabu ndiyo iliyowaingiza, andika "tuliwashirikisha", kisha useme nani alipima joto, nani alipima uzito, nani alijaza jedwali.