Kwa Mnaoanza Kuwafundisha Watoto Haiku Wakati wa Likizo

Likizo hii nimewaona tena walimu wapya watatu wakimzunguka mtoto mmoja aliyekuwa akiandika haiku, yaani shairi fupi la Kijapani la mistari mitatu, kila mwalimu akihesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole vyake, huku mtoto mwenyewe akiwa ameshaiweka kalamu chini. Ndugu zangu, nawapenda, lakini kosa hilo nililifanya kabla yenu, na kuliona likirudi kila likizo kunanichosha.

1. Mizani 5, 7 na 5 za mistari hiyo mitatu zihesabiwe mwisho, tena kwa sikio. Neno "mbu" lina mizani mbili, m-bu, na neno "mbuzi", ingawa ni refu kwa herufi, lina mbili vilevile, mbu-zi. Nimeshuhudia mtoto akikosolewa hapo ilhali alikuwa amehesabu sawasawa. Wajapani wenyewe hawahesabu silabi kama zetu, kwani "Nippon" kwao ni mapigo manne, ni-p-po-n, kwa hiyo mizani moja ikizidi katika Kiswahili, msiitupe haiku ya mtoto.

2. Neno la msimu, yaani kigo, ambalo katika haiku huonyesha ni wakati gani wa mwaka, lisigeuke zoezi la kutaja miezi. Mwulizeni mtoto ameona nini leo asubuhi.

3. Msimwongezee mtoto mafunzo ya maadili ndani ya shairi lake. Katika miaka yangu ya mwanzo, mtoto wa miaka 9 aliniletea haiku hii:

Kiatu kimoja
kina maji ya mvua
na sisimizi.

Niliona mizani 19 badala ya 17, na kwa fikra zangu za wakati ule nikaona pia kwamba shairi halina ujumbe. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika:

Kiatu changu
kimejaa mvua:
tunza vya kwako.

Mizani zilitimia, nami nikamrudishia daftari nikiwa nimeridhika. Aliisoma akifuatisha maneno kwa kidole, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, sisimizi ameenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemfuta sisimizi, na pamoja naye neno "kimoja", ambalo ndilo lililomfanya msomaji ajiulize kiatu cha pili kiko wapi. Mahali pa kile alichokiona mtoto nilikuwa nimeweka karipio la mtu mzima. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimekwisha kumsoma Issa, mshairi wa Kijapani aliyeishi kati ya 1763 na 1828, ambaye aliandika haiku nyingi kuhusu nzi, viroboto na konokono, wala sikuona kwamba mtoto aliyekaa mbele yangu alikuwa akifanya jambo lilelile. Alilifunga daftari polepole, na mpaka shule zilipofunguliwa hakuandika tena hata mstari mmoja.

4. Mkato kati ya picha mbili, ambao Wajapani wana maneno maalumu ya kuuonyesha, Kiswahili huutosheleza kwa koma au kistari.

5. Mkitaka kusaidia, ulizeni, kisha mnyamaze mpaka mtoto ajibu, hata kama atachukua muda mrefu akitazama dirishani. Laiti ningemwuliza mtoto yule sisimizi alikuwa anafanya nini ndani ya kiatu, angeniambia kama alikuwa akizama au akinywa maji, na pengine angeirekebisha haiku yake mwenyewe kwa penseli yake. Sikumwuliza, na hadi leo sijui.