Re: Tozo ya miamala, tatizo liko wapi?

Mkuu, umeuliza kama kila mtu anatumia simu kutuma pesa, kuna ubaya gani serikali ikikata kidogo kwenye kila muamala. Ubaya uko kwenye hesabu. Kodi ya mapato inagusa mshahara au faida. Tozo ya kutuma pesa kwa simu hapa Tanzania, hadi ilipofutwa Julai 2023, ilikuwa inaikata pesa ikiwa njiani, iwe ni faida, deni au ada ya mtoto. Mwenye duka alipomlipa msambazaji 400,000 kwa simu, faida yake hapo labda ilikuwa 20,000, lakini tozo ilipigiwa 400,000 yote!

Na watu si wajinga. Tozo ilipoanza Julai 2021 kiwango cha juu kilikuwa shilingi 10,000 kwa muamala. Kelele zikapigwa, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Uganda nao walianza na asilimia 1 mwaka 2018, mwaka haujaisha wakashuka hadi 0.5, tena kwenye kutoa pesa tu.

Kwa wakala wa mtaani kwetu ulikuwa unaona live: mtu anauliza makato, anapiga hesabu kimyakimya, anarudisha noti mfukoni na kwenda kumpa kondakta wa basi bahasha ya mama. Bahasha hiyo TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hawaioni kabisa.

Wanataka kupanua wigo wa kodi? Kodi ya zuio ya pango, yaani mpangaji kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, ipo kisheria. Waulize wapangaji wa hapo kwenu wangapi wanaijua.