Lipu ya nje inabanduka kila mara: maswali ya wasomaji

SWALI: Ndugu mafundi, lipu ya nje ya nyumba yangu inavimba na kudondoka sehemu ya chini, kuanzia ardhini hadi usawa wa goti. Kabla ya kudondoka hutoa unga mweupe. Nimeziba mara mbili, ya pili kwa simenti nyingi kabisa, na bado imebanduka. Nakosea wapi?

JIBU: Kwenye hiyo simenti nyingi. Unga mweupe ni chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia matofali yakiwa yameyeyusha chumvi, kisha hukauka karibu na uso wa ukuta na kuiacha hapo. Chumvi ikiganda nyuma ya lipu huisukuma nje. Lipu ngumu haipitishi mvuke, kwa hiyo unyevu hufungiwa ndani, hupanda juu zaidi, na kiraka huja kubanduka chote kama ganda la yai.

Shughulikia maji kwanza. Udongo ulioegemea ukuta uchimbwe mpaka ubaki angalau sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu (ukanda wa plastiki au lami unaolazwa ukutani juu ya msingi ili maji yasipande), na uinamie mbali na nyumba. Kagua pia mfereji wa paa: tone linalorukia ukuta kila mvua linatosha kuharibu kazi yote. Kabla ya hayo, usinunue simenti.

Sasa gonga lipu kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama debe tupu pameshaachia. Bandua kwa tindo hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, kisha chokoa viungo vya matofali kwa kina cha milimita 10 hadi 15 ili lipu mpya ipate pa kushika. Chumvi ipigwe brashi kavu na izolewe. Ukiiosha, unairudisha ndani. Acha ukuta wazi wiki kadhaa, ukipiga brashi kila inapochomoza. Wengi huishiwa subira hapa.

Pima kwa ujazo: simenti 1, chokaa 1, mchanga 6. Kwa matofali laini au ukuta wa zamani, 1:2:9. Chokaa iwe ya unga iliyozimwa, nayo bado huunguza macho, hivyo vaa miwani na glavu. Mchanga uwe safi. Wa baharini huja na chumvi yake. Mita moja ya mraba kwa unene wa milimita 15 hula lita 15 za lipu. Ukihesabu mashimo na itakayoanguka, andaa ndoo ya lita 20 ya mchanga, simenti lita 3 na theluthi, na chokaa kiasi hichohicho. Changanya kidogo kidogo: ndani ya saa 2 iwe imeisha. Iliyoanza kushika itupe, usiilainishe kwa maji.

Nyunyizia ukuta maji kidogo kabla ya kupiga, maana ukuta mkavu huinyonya lipu ikabaki mchanga mtupu. Tabaka la kwanza lisizidi milimita 10. Likwaruze lingali bichi, lipe siku chache likaze, ndipo upige la pili la milimita 5. Ukipiga yote kwa mkupuo itateleza na kupasuka. Lipu iishie juu ya tabaka la kuzuia unyevu, isiguse udongo. Ifunike kwa magunia mabichi siku 3 au zaidi, jua lisiikaushe haraka. Rangi isubiri wiki 4, na iwe inayopitisha mvuke.

SWALI: Kwenye kona ya dirisha kuna ufa unaoshuka kama ngazi kwenye viungo vya matofali. Nijaze tu?

JIBU: Usijaze bado. Piga mistari ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, upime upana kila mwezi. Ukizidi milimita 5, ukiendelea kukua, au milango ikianza kukwama, msingi unatembea: muite mhandisi. Uliotulia kwa miezi kadhaa unaweza kuujaza.

SWALI: Naweza kuchimba viungo vilivyoliwa kwa grenda?

JIBU: Grenda ikiteleza mara moja tu hukata kingo za tofali, na tofali halioti tena. Tumia tindo jembamba, uchimbe kina mara mbili ya upana wa kiungo. Jaza kwa tabaka ukikandamiza, kwa mchanganyiko laini kuliko tofali. Ukiwa mgumu, unyevu utatokea kwenye tofali, nalo ndilo litakaloanza kumenyeka.