Mjumbe wa tabianchi ana mamlaka gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila ufanyikapo mkutano wa tabianchi husikika habari za wajumbe maalumu wa serikali, na aliyetajwa zaidi ni John Kerry wa Marekani. Je, mtu kama huyo ni waziri? Na akiahidi jambo, serikali yake hulazimika kulitekeleza? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, mjumbe wa namna hiyo si waziri, bali ni mtu anayeteuliwa na mkuu wa nchi ili azungumze na mataifa mengine kwa niaba yake, na nguvu zake hutegemea imani ya aliyemteua. Kerry alianza kazi Januari 2021 kwa uteuzi wa Rais Joe Biden, bila kuthibitishwa na Seneti, akapewa nafasi katika Baraza la Usalama la Taifa. Aliheshimiwa pia kwa sababu ndiye aliyeutia saini kwa niaba ya Marekani Mkataba wa Paris, yaani makubaliano ya mataifa ya kupunguza ongezeko la joto duniani, mwaka 2016, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Naona kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba Marekani na China, zinazoongoza kwa kutoa hewa ya ukaa, haziachi kuzungumza. Novemba 2021, mjini Glasgow, yeye na mwenzake wa China, Xie Zhenhua, walitangaza tamko la pamoja ambalo wengi hawakulitarajia. Hata hivyo, Spika wa Bunge la Marekani, Nancy Pelosi, alipozuru Taiwan, kisiwa ambacho China hukihesabu kuwa chake, Agosti 2022, China iliyasitisha mazungumzo hayo, na yalifufuka tu baada ya marais wa nchi hizo kukutana Bali mwezi Novemba.

Kuhusu ahadi, jambo linalotugusa sana sisi Waafrika, mjumbe hashiki fedha. Fedha huidhinishwa na Bunge, na rais ajaye aweza kuzizuia. Mwaka 2014 Marekani iliuahidi Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, mfuko wa kimataifa unaozisaidia nchi zinazoendelea kukabili mabadiliko ya tabianchi, dola bilioni 3. Ilitoa bilioni 1, Rais Donald Trump akasimamisha zilizobaki, kisha bilioni nyingine ikatolewa mwaka 2023, wakati wa Biden. Mwishoni mwa mwaka huo, kwenye mkutano wa tabianchi huko Dubai, Makamu wa Rais Kamala Harris aliahidi bilioni 3 zaidi. Mfuko huo ndio unaochangia mradi wa kuwafikishia wananchi wa Simiyu maji ya Ziwa Victoria, kwa hiyo inauma kusema kwamba mwaka 2025 serikali ya Trump ilizifuta dola bilioni 4 zilizokuwa hazijalipwa.