Maswali na Majibu: Billy Wilder Alikuwa Mwandishi Kwanza

Tangu safu hii ilipomtaja Billy Wilder, mwandishi wa filamu za vichekesho aliyezaliwa mwaka 1906 katika mji wa Sucha, ambao leo uko Poland, maswali yamemiminika. Nimechagua yanayogusa jambo ninalolishikilia kwa miaka mingi: kicheko cha filamu huzaliwa mezani pa mwandishi, kabla kamera haijawashwa.

Kwa nini unasisitiza kumwita mwandishi, ilhali dunia inamfahamu kama mwongozaji?

Kwa sababu aliingia katika uongozaji ili aulinde muswada wake. Mwaka 1934, baada ya kuihama Berlin Hitler aliposhika madaraka, Wilder alijikuta Mexicali, mpakani mwa Mexico na Marekani, akisubiri viza. Miaka kadhaa baadaye yeye na Charles Brackett waliandika muswada wa Hold Back the Dawn, ambamo mkimbizi aliyekwama katika hoteli duni ya mpakani anamzuia mende anayepanda ukutani na kumdai hati zake za kusafiria. Mwigizaji Charles Boyer alikataa kuzungumza na mende, kwa hoja kwamba mende hawezi kumjibu, na mwongozaji akakubali maneno hayo yaondolewe. Uchungu wote wa mtu anayezungushwa na urasimu, ambao Wilder aliuonja mwenyewe, ulikuwa umebebwa na mdudu yule mmoja, nao ukafutwa kirahisi namna hiyo. Mwaka 1942 alianza kuongoza filamu zake huko Hollywood. Anayedhani kwamba alikuwa akifuata umaarufu hajamwelewa hata kidogo.

Alisomea uandishi wa filamu chuo gani?

Hakusomea chuoni; alikuwa mwandishi wa habari Vienna na Berlin.

Je, ni kweli kwamba waigizaji wa Some Like It Hot walijitungia vichekesho vyao papo hapo?

Hapana. Swali hili limeletwa mara nyingi kupita kiasi, na kila linaporudi linampa mwigizaji sifa za mtu aliyekesha na kalamu. Wilder alitaka maneno yasemwe jinsi yalivyoandikwa. Mtazameni Jack Lemmon, anayeigiza mwanamume aliyejificha kwa kuvaa kama mwanamke, anapotangaza uchumba wake huku akitikisa manyanga. Wengi hudhani kwamba ni furaha ya mhusika tu, lakini Wilder alimpa manyanga hayo ili kila baada ya sentensi upatikane mwanya wa hadhira kucheka bila kuikosa sentensi inayofuata. Kicheko cha watu ambao walikuwa bado hawajaingia ukumbini kilikuwa kimeshapangiwa nafasi yake. Tafadhali tazameni kwanza, ndipo mniulize.

Nani alitunga sentensi ya mwisho ya filamu hiyo?

I. A. L. Diamond, aliyeandika pamoja na Wilder. Tajiri anaambiwa kwamba mchumba wake ni mwanamume, naye anajibu kwa utulivu kwamba hakuna aliyekamilika. Kwa masimulizi ya Wilder, waliiweka kwa muda tu, wakitarajia kupata iliyo bora zaidi, na hawakuipata.

Kwa nini karibu kila mara aliandika na mwenzake?

Kiingereza alijifunza ukubwani, hivyo alihitaji mtu aliyekimudu barabara. Zaidi ya hapo, kichekesho kinataka sikio la pili, kwa maana anayekitunga hucheka mapema mno. Nanyi mnaoandika wawili wawili, wekeni kwa maandishi, kabla ya ukurasa wa kwanza, jinsi majina yatakavyofuatana na malipo yatakavyogawanywa. Nimeshuhudia urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa kukosa karatasi moja tu.

Muswada wangu una utani katika kila ukurasa, lakini wanaousoma hawacheki. Nifanye nini?

Punguza utani, ujenge hali. Itazame The Apartment ya mwaka 1960, iliyompatia Wilder tuzo tatu za Oscar usiku mmoja, mojawapo ikiwa ya muswada alioandika na Diamond. Karani Baxter huwaazima wakubwa wake wa kazini nyumba yake ili wakutane humo na mahawara. Akiokota humo kioo kidogo cha mkobani chenye ufa, anamrudishia bosi wake. Baadaye, katika sherehe ya Krismasi ofisini, Baxter amevaa kofia mpya anayojivunia, na mwanamke mwendesha lifti, ambaye Baxter anampenda, anampa kioo ajitazame. Ni kioo kile kile. Uso wake unaonekana umepasuka vipande viwili, na hakuna anayehitaji kutueleza alichokitambua. Tunaanza kwa kuicheka kofia, na kabla kicheko hakijaisha tumeumia. Utani uliobandikwa juu ya hadithi hauwezi kufanya kazi hiyo, hata ukiandikwa ukurasa baada ya ukurasa.

Nianze na filamu ipi?

Hiyo hiyo ya The Apartment, uitazame mara mbili. Mara ya pili shika kalamu, uandike kila kitu kinachopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine: funguo, kioo, kofia.