Sababu za vita vya Uganda na Tanzania vya 1978-79: usiishie kwa Amin tu

Mdogo wangu wa S6 (kidato cha sita Uganda), nimekuelewa, umeandika Amin alikuwa mkali ndo vita vikaja, mwalimu akakurudishia insha. Hata mimi nilikwama hapo hapo.

Anza 1971, Amin anampindua Obote, rais wa Uganda, Obote anapata hifadhi Tanzania, Nyerere anakataa kumtambua Amin, 1972 wafuasi wa Obote wanavuka na bunduki kutoka huko wanashindwa. Hiyo siasa. Sasa uchumi, hapa wengi wanapita mbio na ndo penye maksi: 1972 Waasia wanafukuzwa, maduka na viwanda vinapewa watu wasiojua kuviendesha, sukari na sabuni zinaadimika, nchi inabaki na kahawa tu, na bei yake ikishuka baada ya 1977 pesa ya kutuliza jeshi inapungua, 1978 baadhi ya wanajeshi wanaasi, Oktoba jeshi la Amin linaingia Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Onyesha jambo moja lilivyozaa lingine, usipange tu moja mbili tatu.

Ukiwauliza wazee wa Masaka au Mbarara, kusini mwa Uganda, nenda polepole, miji yao ilibomolewa vitani, mzee akinyamaza usimsukume. Na tarehe za stori za mtaani mwonyeshe kwanza mwalimu wako, huwa zinachanganywa sana.