Nusu ya pili

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Umeniuliza, kwa ajili ya huo mchezo wa kompyuta unaoutunga na wenzako huko Nairobi, mwinda mazimwi aliyeajiriwa na kijiji anamuuaje zimwi, hatua kwa hatua. Unataka silaha, unataka dawa, unataka kujua pa kumchoma.

Zimwi sijamwona. Lakini nimelelewa na mtu aliyekuwa akiitwa kwenda kuua mnyama mla watu, na kutoka kwake najua kitu kimoja: kwanza mapatano, kisha nyayo, silaha baadaye. Huyo mwindaji wako umempa upanga kabla hajakubaliana na mtu yeyote. Ndiyo maana nakujibu kuanzia huko.

Babu yako, kama ujuavyo, alishuka kutoka Faza na chusa chake, mvuvi wa kasa na papa, akaoa hapa Malindi, akabaki. Habari za mkono wake zikafika mtoni. Hayo ni ya kabla ya mwaka 1977, serikali haijapiga marufuku uwindaji. Leo mamba akikamata mtu mtoni Sabaki wanaitwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Wakati ule walikuja wazee watatu, wakakaa barazani kwetu, wakanywa kahawa, wakasema mamba wao ana urefu wa mtumbwi, na ana hirizi shingoni.

Urefu hakuuliza. Alisema mtu aliyeogopa hukupa kipimo cha woga wake. Aliuliza waliokamatwa walikamatwa wapi, saa ngapi, walikuwa wakifanya nini, maji yalikuwa mengi au machache. Wazee wakatazamana. Basi kesho yake akaenda kuwauliza wanawake, maana wazee hawachoti maji. Kwa wanawake alipata yote: pahali pamoja, magharibi, wakati wa kiangazi, mto umepungua na maji ya kina yamebaki kwenye madimbwi machache. Mamba hakuwa na hirizi. Alikuwa amejifunza saa yao ya kuteka maji.

Hapo ndipo alipotaja bei: nusu arubuni, nusu kazi ikiisha. Wakapeana mikono mbele ya watu. Arubuni ikalipwa kwa shilingi, nikaziona kwa macho yangu, mama akazifunga kwenye ncha ya kanga.

Kisha nyayo. Mjomba wako alikuwa naye, na unajua anavyokipamba kisa hiki kila Idi, lakini hapa hasemi uongo. Ukingoni walikuta mteremko ulionyooshwa na tumbo, katikati mfuo wa mkia, na alama za miguu pande zote mbili. Babu yako akapima unyayo wa nyuma kwa shubiri, akarudia siku ya pili na ya tatu, mpaka akaridhika kwamba ni mamba yule yule. Halafu akawaamuru wanakijiji wajenge boma la miiba ndani ya maji, wanawake wachote humo ndani, na magharibi asiende mtu. Wakanung'unika kwamba wamelipa wauliwe mamba, hawakulipa wajengeshwe ua. Wakajenga.

Kuua kwenyewe nitakupitishia haraka. Usiku, taa, macho mekundu juu ya maji, matumbo ya mbuzi yamefungwa ukingoni. Mgongo wa mamba umepangwa vipande vya mfupa, chusa hakipenyi vizuri, kwa hiyo alimpiga ubavuni mwa shingo. Kamba ya chusa ilikuwa na chelezo, kama ya kasa, na chelezo ndicho kilichoonyesha anakokwenda. Mamba akitulia anaweza kukaa chini ya maji hata saa nzima, lakini akipigana huchoka upesi, pumzi ya mapambano marefu hana. Walimwachia achoke. Alfajiri wakamvuta ukingoni, babu yako akammaliza kwa mkuki nyuma ya fuvu. Pima mbili na kitu.

Wakampasua tumbo. Wakayaona mawe, maana mamba humeza mawe, na mifupa ya kambare, na kwato ya mbuzi. Cha binadamu hakikuonekana. Mzee mmoja akasema, "Huyu siye." Akasema na la pili: kwamba kilichowaokoa ni boma, na boma wamejenga wenyewe. Nusu ya pili haikulipwa hadi babu yako anaingia kaburini.

Mwanangu, mambo haya yamepita miaka mingi, na bado yananichoma. Boma lilikuwa wazo la nani? Kama ni lao, kwa nini hawakulijenga kabla watu hawajaliwa?

Lakini nitende haki. Yule mzee alikuwa amempoteza mjukuu pale. Huenda alitaka kuona kitu cha kuzika. Na ni kweli tumbo halikuonyesha kitu. Ila miezi ilikuwa imepita, na tindikali ya tumbo la mamba huyeyusha mifupa, mawe hubaki. Kwa upande mwingine, palipokuwa na boma hapakukamatwa mtu tena, na ndani ya boma hakuna mamba anayeweza kukamata, awe ndiye au siye. Unaona? Ukilivuta huku linakwenda huku. Mjomba wako anaapa kwamba unyayo ulilingana na shubiri za baba. Mimi unyayo sikuupima.

Na usidhani ni sisi tu. Kisa cha Liongo, yule shujaa wa pwani, umekisikia tangu ukiwa kitandani. Mwanawe aliahidiwa mke na mfalme wa Pate, akamuuliza babake kinachomuua, akaambiwa: sindano ya shaba, kitovuni. Akamchoma usingizini. Liongo akafa amepiga goti na upinde mkononi karibu na kisima, watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Kaburi lake huonyeshwa Ozi. Na yule kijana hakupewa mke. Simlinganishi na babu yako, hasha. Yule alimuuza mzazi wake. Nakwambia tu kwamba aliyekuajiri akiwa na hofu ni mtu mmoja, na hofu ikiisha ni mtu mwingine.

Basi katika mchezo wako weka kwanza baraza, na kahawa, na maswali kwa wanawake. Weka arubuni, na mashahidi wa arubuni. Upanga utakuja baadaye. Mwishoni, kama kijiji kilipe au kisilipe, na kama zimwi lililouawa ndilo, hilo sikuamulii. Mchezo ni wako. Ningeulizwa mimi, walipe. Hata kama siye, walipe, maana watu walikuwa wakiteka maji bila kulia. Lakini nimesema sikuamulii.

Mjomba wako anakusalimu, anataka umtie mle ndani akiwa ameshika taa.

Mamako